Kipupwe cha Kalamba: Sikukuu Zilizohama na Zilizorudi

Kipupwe ni jina ambalo Kiswahili huyapa majira ya baridi kavu yanayofuata masika, na katika vilima vya Ukambani majira hayo hushika kuanzia Juni hadi Agosti, pale pepo za kusi zinapotandaza mawingu ya kijivu yasiyonyesha, jua likakaa nyuma yake kutwa nzima, na ukungu ukachelewa kuondoka mabondeni. Kalamba, mji mdogo wa soko katika eneo la Nzaui, Kaunti ya Makueni, ulio mwendo wa saa chache kutoka Nairobi, haujui theluji wala barafu. Baridi yake, ambayo Wakamba huiita mbevo, ni ya kujifunika shuka begani asubuhi na kuota moto jioni. Hata hivyo, ni katika miezi hiyo ya mbevo, iliyo tulivu kuliko yote machoni pa mgeni, ambapo sherehe kubwa za eneo hili zilikuwa zikifanyika zamani, na historia ya jinsi zilivyohamia Desemba, kisha baadhi yake zikarudi Agosti kwa sura nyingine, ni historia ya nani aliyekuwa na mamlaka ya kugawa siku za watu.

Ili kuelewa kwa nini baridi na sherehe vilikwenda pamoja, ni lazima kuanzia shambani. Mwaka wa mkulima wa Ukambani hugawanywa na mvua mbili: ya kwanza ni nthwa, yaani vuli, inayonyesha kati ya Oktoba na Desemba na ambayo ndiyo tegemeo la wengi, na ya pili ni ũũa, yaani masika, inayonyesha kati ya Machi na Mei na ambayo mara nyingi huwa haba. Baada ya ũũa hufuata thano, kipindi kirefu cha ukavu kinachofunguliwa na kipupwe chenyewe. Mbaazi zilizopandwa wakati wa nthwa hukomaa katika baridi hiyo, mtama na mawele yaliyosalimika kwa ndege huvunwa, na ghala la nafaka, liitwalo ikumbi, hujaa kadiri mwaka ulivyojaliwa. Hapo mambo matatu hukutana, ambayo katika miezi mingine hayakutani: chakula kipo, mikono haina palizi, na njia pamoja na mito ya mchanga ni mikavu kiasi kwamba watu wa kilima kimoja wanaweza kufika kilima cha pili bila taabu. Jamii yoyote ya wakulima ingechagua wakati huo kucheza.

Sherehe zenyewe zilikuwa za daraja mbalimbali. Ya kwanza kwa heshima ilikuwa sadaka ya malimbuko, iliyotolewa katika ithembo, yaani mahali patakatifu ambapo kwa kawaida palikuwa chini ya mũumo, mtini mkubwa wa porini usiokatwa, na ambapo wazee waliokabidhiwa kazi hiyo walitangulia kuwapa wahenga sehemu ya mavuno kabla watu hawajajilia kwa furaha. Ya pili ilikuwa kilumi, ngoma ya wanawake, hasa wale waliokwisha kuwa watu wazima, iliyochezwa kwa mdundo wa ngoma ndefu ili kuwatuliza aimu, yaani roho za waliofariki, na kuomba mvua thano ilipokaribia kwisha. Ya tatu ilikuwa michezo ya vijana, iliyojumuishwa katika neno wathi, ambalo hubeba maana ya wimbo na dansi kwa pamoja, na iliyoongozwa na ngui, mtunzi na mwimbaji ambaye aliweza kumsifu shujaa, kumsuta mchoyo na kumwaibisha mwizi bila kuogopa kulipishwa faini, kwa kuwa maneno ya uwanjani yalikuwa na kinga yake. Juu ya hizo kulikuwa na nzaiko, yaani tohara, iliyosubiri thano ili wanaotahiriwa wapone wakati wa ukavu na wenyeji wawe na nafaka ya kuwalisha wageni, pamoja na maafikiano ya mahari, ambayo hayakukamilika bila uki, pombe ya asali au ya miwa iliyochachushwa kwa tunda la mwegea.

Kalenda hiyo haikuwa na tarehe. Mwaka ambao ũũa ilishindwa, sherehe zilipungua au zikafutika, na hapakuwa na aliyelazimika kutangaza kufutwa kwake, kwa sababu ikumbi tupu lilikuwa tangazo tosha. Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa zao majina, na ile ya 1961, inayokumbukwa kuwa Yũa ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kiliangushwa kutoka angani, hutajwa hadi leo na wazee kuwa kipindi ambacho hata wasichana hawakuimba. Furaha ilikuwa na masharti, na sharti lake la kwanza lilikuwa mvua.

Badiliko la kwanza lilifika mapema zaidi katika eneo hili kuliko sehemu nyingi za bara. Nzaui, ambayo katika masimulizi ya Wakamba ndipo Mulungu alipowashusha binadamu wa kwanza na kuwaachia nyayo mwambani, ndipo pia Peter Cameron Scott alipofungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission, mnamo Desemba 1895, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake hapohapo Ukambani. Wamisionari hao na waliowafuata walileta shule, dawa na Biblia, wakaleta pia kalenda yenye sikukuu iliyopangiwa siku moja isiyosogea. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Krismasi katika nchi za kaskazini ni sikukuu ya majira ya baridi: mashamba yamelala, ghala limejaa, mifugo imechinjwa, watu wamekaa ndani wakiota moto, hali ambayo kwa undani wake haitofautiani na kipupwe cha Kalamba. Ilipohamishwa kuja Ukambani bila kubadilishwa tarehe, sikukuu hiyo ya baridi na mapumziko iliangukia katikati ya nthwa, wakati wa joto na tope, mahindi yakiwa mabichi, magugu yakishindana na kunde, na akiba ya mwaka uliopita ikielekea ukingoni. Kwa maneno mengine, karamu ilihamia msimu ambao mkulima ana kazi nyingi na chakula kidogo.

Karamu ile ngeni isingeshinda peke yake, kwa kuwa kwa miaka mingi asomi, yaani wasomaji, jina walilopewa Wakristo wa mwanzo, walikuwa wachache. Iliyoipa nguvu ni marufuku iliyoambatana nayo, maana kwa mafundisho ya misheni kilumi, uki na sadaka za ithemboni vilihesabiwa kuwa dhambi, na aliyebatizwa alitarajiwa kuuacha uwanja wa ngoma pamoja na marafiki zake wa uwanjani. Ndivyo kijiji kimoja kilivyokuwa na kalenda mbili: nyumba moja ilingoja mwezi mpevu wa Julai, na nyumba jirani, iliyosikia ngoma usiku ule ule, ilifunga mlango na kuimba nyimbo za kanisani ikingoja Desemba.

Badiliko la pili lilikuja kwa reli. Njia ya kutoka Mombasa ilipita Ukambani mwaka 1898, na stesheni ya Sultan Hamud, iliyopewa jina la Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, imebaki kuwa kumbukumbu ya miaka hiyo. Mwaka uliofuata reli ilifika Nairobi, mahali ambapo hapakuwa na mji. Kodi ya nyumba iliwalazimu wanaume kutafuta fedha, na fedha zilikuwa Nairobi, katika mashamba ya walowezi na katika jeshi. Mwanamume aliyeajiriwa hakuwa na uwezo wa kuondoka kwa sababu mbaazi zimekomaa. Likizo yake ilitolewa na mwajiri, na mwajiri alifunga kazi Desemba. Wakati huo huo kipupwe kiliendelea kuwapa watu nafasi ya kukusanyika. Mnamo Julai 1938, serikali ilipokuwa ikiwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa madai kwamba mifugo imezidi ardhi, umati mkubwa wa wanaume, wanawake na watoto, uliohusishwa na uongozi wa Muindi Mbingu, ulikwenda Nairobi kumtafuta Gavana na ukapiga kambi mjini kwa wiki kadhaa katika baridi kali ya mwaka. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima wa mifugo ulisitishwa. Mwezi ambao zamani ulikuwa wa ngoma ulitumiwa kwa siasa kwa sababu ile ile: mashamba yalikuwa hayadai mtu.

Katika miongo iliyofuata, hasa baada ya uhuru wa 1963, Desemba ilitawala. Watu waliokulia vijijini miaka ya 1960 na 1970 hukumbuka mabasi kutoka kituo kinachoitwa Machakos mjini Nairobi yakifika usiku, magodoro na vitanda vimefungwa juu, na baba aliyeonekana mara moja kwa mwaka akishuka na mkate, sukari na nguo mpya. Posho ya nyumbani iligeuka: zamani mji ulilishwa na kijiji, sasa karamu ya kijiji ilingoja mshahara wa mji, na mbuzi aliyechinjwa Krismasi alinunuliwa kwa fedha badala ya kutolewa na mavuno. Ngoma za usiku zilipisha gramafoni na magitaa ya bendi za Kikamba, kama Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, zilizorekodiwa Nairobi na kurudishwa kijijini zikiwa santuri. Hata wacheza sarakasi waliozoea kurukaruka katika viwanja vya thano waliajiriwa mjini, na Bomas of Kenya ilipoanzishwa mwaka 1971 kando ya Nairobi, michezo ya Kikamba ikawa miongoni mwa vivutio vyake vya kila alasiri, mwaka mzima, bila kujali mvua wala mavuno. Kipupwe cha kijijini kilibaki na mwethya tu, yaani kazi ya ushirika, ambapo vikundi, vingi vikiwa vya wanawake, vilichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo huku vikiitikia wimbo wa kiongozi. Na ni haki kusema kwamba sanaa ya ngui ilihifadhiwa kwenye matuta hayo wakati viwanja vilipokuwa vimeota nyasi.

Sherehe za baridi zilirudi kupitia mlango usiotarajiwa, nao ni shule, taasisi ile ile iliyozaliwa na misheni. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 likiwa la walowezi na nyimbo zao, lakini baada ya uhuru liliifungulia ngoma ya kienyeji jukwaa, na kwa kuwa mashindano yake hupanda ngazi kwa ngazi katika muhula wa pili na kufikia fainali za taifa karibu na likizo ya Agosti, mazoezi yake yameangukia katika miezi ya mbevo. Kwa hiyo katika jioni za Juni na Julai, mtu anayepita karibu na shule ya eneo hili anaweza kusikia tena mdundo wa kilumi, ukipigwa na watoto ambao bibi zao wengine walifundishwa kuuogopa. Tofauti ni kubwa, bila shaka: ngoma iliyokesha sasa hupewa dakika chache, mahali pa aimu wamekaa waamuzi wenye kalamu, na mvua haiombwi, huombwa alama. Na kwamba kalenda hii nayo ina mwenyewe kulidhihirika mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona: tamasha halikufanyika, ingawa mbaazi zilikomaa kama kawaida.

Badiliko la karibuni zaidi limeletwa na matunda. Makueni imekuwa nchi ya michungwa na miembe, na miti hiyo imeugawa mwaka upya, kwa kuwa machungwa hupatikana kwa wingi katika baridi ilhali maembe huiva kuanzia mwishoni mwa mwaka. Baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, Makueni ilijenga kiwanda cha kusindika matunda papo hapo Kalamba, kilichozinduliwa mwaka 2017, mwaka ule ule ambao reli mpya ya kisasa ilianza kubeba abiria ikiwa na stesheni Emali. Kwa barabara na reli hiyo, Nairobi imesogea karibu. Mkaazi wa Nairobi mwenye asili ya Kalamba hangoji tena Desemba. Huja Ijumaa na kurudi Jumapili, na miezi ya kipupwe, ambayo haina matope na ina likizo ya Agosti, imekuwa tena wakati wa maafikiano ya mahari, arusi, uzinduzi wa makanisa, michango ya karo na mikutano ya mbai, yaani ukoo, ambapo watu waliotawanyika hufundishana tena nani ni shangazi ya nani. Nzaiko yenyewe imegawanyika: ile ya wasichana imepigwa marufuku na sheria ya 2011, na ile ya wavulana hufuata likizo za shule, mara nyingi hospitalini.

Si sahihi, basi, kusema kwamba sherehe za kipupwe zilikufa, wala kwamba zimefufuka jinsi zilivyokuwa. Kilichobadilika ni mwenye kugawa siku: mvua ndiyo iliyokuwa ikizigawa, kisha kanisa na mwajiri wakazihamishia Desemba, na sasa shule, soko la matunda na barabara zimezirudisha kwa sehemu mahali pake. Lakini chini ya mabadiliko hayo hesabu ya zamani inaendelea kufanya kazi, kwa sababu familia inayopanga arusi Kalamba, hata ikiwa inaishi Nairobi na kulipwa kila mwisho wa mwezi, huuliza kwanza kama ũũa ilinyesha. Jibu likiwa ndiyo, sufuria za muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, hutengwa jikoni pamoja na mbaazi mbichi za msimu, na wageni hujifunika mashuka begani wakauzunguka moto, jambo ambalo kalenda yoyote ile haijafaulu kulihamishia Desemba.