Kabla ya basi la likizo: Kadi ya mtoto inaishia wapi?

Shule zikifungwa Juni na Desemba, Kumsenga huanza kufunga mizigo. Gunia la maharage linashonwa, mkungu wa ndizi unatafutiwa nafasi, watoto wanapimishwa viatu vya safari. Kuna wanaokwenda kwa bibi Kasulu, wanaokwenda kwa shangazi Mwanza, na wanaovuka mpaka kuingia Burundi, ambako wana ndugu wa damu wanaoelewana nao kwa Kiha na Kirundi bila mkalimani.

Kumsenga ni kata ya Wilaya ya Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Ukiishi huko unajua kwamba karibu kila kitu kikubwa kiko mbali. Hospitali ya wilaya iko Kibondo mjini. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, iko Kigoma mjini, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kibondo. Hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iko Mwanza. Kwa hiyo wazazi wa huku huuliza nauli, huuliza lami imefika wapi, huuliza basi linalala wapi. Swali linalosahaulika ni moja: mtoto akiugua njiani, nani atalipa?

Ugonjwa hausubiri mwisho wa safari

Chukulia familia ya watu watano inayotoka Kibondo kwenda Mwanza. Wamepita Kakonko, wakifika Nyakanazi mtoto wa miaka 6 anachemka mwili na anatapika. Pesa iliyopo ni ya nauli ya kuunganisha na ya zawadi kwa mwenyeji. Baba anasema, "Tuvumilie, tutafika." Mama anaweka kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

Uvumilivu huo ndio hatari yenyewe. Malaria kwa mtoto mdogo inaweza kugeuka kali ndani ya saa 24. Mtoto anayetapika na kuharisha anapoteza maji haraka kuliko mtu mzima. Kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto vinapatikana hata kwenye zahanati nyingi, lakini mzazi asiye na uhakika wa malipo huahirisha kushuka kwenye basi. Kazi ya kwanza ya bima safarini ni kumwondolea mzazi sababu ya kuchelewa.

Kila kadi ina mipaka yake

Wazazi wengi hudhani bima ni bima. Sivyo. Kadi iliyofanya kazi vizuri Kibondo inaweza kukataliwa kaunta ya Mwanza, na mhudumu akawa sahihi.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanza kazi mwaka 2001, unafanya kazi na vituo vilivyosajiliwa nao nchi nzima, vya serikali, vya mashirika ya dini na vya binafsi. Mwalimu au muuguzi wa Kumsenga anayekatwa mshahara anaweza kuitumia akiwa Mwanza au Dar es Salaam, mradi kituo kimesajiliwa na watoto wake wameandikishwa. Hapo ndipo wengi hunaswa: mtoto aliyezaliwa mwaka huu bado hajaingizwa, au mtoto wa kaka anayelelewa nyumbani hayumo kabisa kwenye orodha.

Familia za wakulima zilizoea CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mpango huo ulijengwa kwa ngazi za rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa. Ni msaada mkubwa kwa anayeugua nyumbani. Kwa msafiri, ngazi hizo zinahitaji maswali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inabadilisha taratibu, hivyo usitegemee ulichoambiwa mwaka juzi. Uliza upya kabla ya kukata tiketi.

Kisha kuna mpaka wenyewe. Ukivuka Mabamba kwenda upande wa Gisuru, au Manyovu kwenda Mugina, lugha inabaki ileile, shemeji ni yuleyule, lakini kadi ya Tanzania umeiacha nyuma. Hospitali ya Burundi itataka fedha taslimu. Kwa safari ya aina hiyo ndipo bima ya safari inapoingia: mkataba wa siku kadhaa, unaoandika tarehe ya kuondoka na ya kurudi, majina ya wasafiri na nchi wanayokwenda. Kwa kawaida hulipia matibabu ya dharura na, ukichagua, kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Si jambo geni duniani. Wazazi wa Ulaya wanaopeleka watoto kuteleza kwenye theluji milimani hununua bima ya namna hiyo, kwa sababu mguu ukivunjika juu ya mlima anayemshusha mtoto ni helikopta, na helikopta ina bei. Mtanzania anayeomba viza ya nchi za Schengen hulazimika kuonyesha bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, inawataka wageni kutoka nje ya nchi kuwa na bima ya safari ya dola 44. Kumsenga hakuna theluji, lakini hesabu ni ileile: ukienda mbali na hospitali uliyoizoea, gharama ya kufikishwa kwenye matibabu hupanda.

Bima ya basi si bima ya mtoto

Abiria wengi hujifariji kwamba basi lina bima. Ni kweli, sheria inalazimisha kila chombo cha moto kuwa na bima ya mtu wa tatu, na abiria aliyelipa nauli anahusika. Lakini bima hiyo inahusu ajali, haihusu malaria wala kuharisha. Tena ni fidia: hulipwa baadaye, kwa vielelezo. Haikai kaunta ya hospitali usiku ikisubiri kulipia eksirei.

Kwa hiyo tunza tiketi, piga picha namba ya gari, na ajali ikitokea hakikisha polisi wanatoa fomu ya PF3. Stakabadhi zote za matibabu ziwekwe pamoja. Bila hizo, madai huwa maneno matupu.

Bodaboda ya kutoka kijijini hadi barabara kubwa nayo ni sehemu ya safari. Uhai wa bima ya chombo unaweza kuangaliwa kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Anayevuka mpaka kwa gari lake aulize pia kuhusu Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa Burundi na hugharamia matibabu ya dharura ya dereva na abiria baada ya ajali.

Maswali ya kuuliza wiki moja kabla

• Je, kila mtoto anayesafiri yumo kwenye kadi, kwa jina lililo sawa na cheti cha kuzaliwa?

• Kadi inafanya kazi mkoa gani, na vituo gani vya njiani vimesajiliwa?

• Dharura ikitokea bila barua ya rufaa, utaratibu ni upi?

• Kama ni bima ya safari, je, inalipa hospitali moja kwa moja au unalipa kwanza kisha unarudishiwa?

• Ugonjwa wa siku zote, kama siko seli, pumu au kifafa, umo au umeachwa? Mikataba mingi huuacha usipoutaja mapema. Ukiuficha, unanunua karatasi tu.

• Namba ya simu ya dharura ni ipi? Iandikwe kwenye karatasi, maana simu huishiwa chaji.

Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, beba dawa za kutosha na siku za ziada, pamoja na kadi ya kliniki.

Si kila familia itamudu bima ya safari, na si kila safari inaihitaji. Anayekwenda Kasulu kwa siku tatu akiwa na kadi inayofanya kazi mkoani anaweza kutosheka nayo, akiongeza akiba ndogo isiyoguswa kwa zawadi wala soda. Anayevuka mpaka na watoto wanne ana sababu ya kutafuta zaidi. Jambo moja halina gharama kwa yeyote: kujua, kabla basi halijaondoka Kibondo, kadi ya mtoto inaishia wapi na ni pesa ipi itaanzia hapo.