UPS ya mtumba: angalia betri kwanza

Ripoti za mwaka wa mwisho zinakaribia, na hapa hosteli kila mwenye kompyuta ya mezani anasaka UPS ya mtumba. Wiki hii nimeitwa vyumba vitatu kuzikagua, kwa hiyo bora niandike, msome wote.

Kwanza tuelewane: unaponunua UPS ya mtumba, wasiwasi ni betri. Nyingi hizi za mezani zina betri ya risasi na asidi, volti 12, na kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5. Joto huufupisha umri huo, na joto la Dar mnalijua. Taa ya kijani kuwaka si ushahidi wa kitu.

Mimi hupima hivi. Naichaji mchana nikiwepo, masaa kama nane. Kisha nachomeka taa ya wati 60, siyo kompyuta, nachomoa UPS ukutani na kuhesabu dakika. Taa ikizima papo hapo, betri imekwisha. Muuzaji apunguze bei ya betri mpya, la sivyo mwachie mali yake.

Chumba cha tatu ndicho kilichonitisha. Betri imevimba mpaka imekwama ndani ya boksi, na mwenyewe ameshika bisibisi aichokonoe. Anakabidhi ripoti Ijumaa, hela ya betri mpya hana, akasema atavumilia nayo mpaka hapo. Jamani, betri iliyovimba haichajiwi wala haitobolewi. Chumba kile wanalala wanne, mlango mmoja. Tukaizima, tukaipeleka kwa fundi. Sasa anasevu kila aya na kunakili kwenye flashi. Ni usumbufu, lakini wanalala salama.

Mengine ya kukumbuka: kuichomoa ukutani hakuondoi hatari, maana matundu yake ya nyuma bado yanaweza kutoa umeme kutoka kwenye betri. Zima UPS yenyewe kabla ya kugusa chochote. Usiifunike na nguo. Usichomeke pasi, jagi la umeme wala printa ya leza. Betri iliyokufa usitupe jalalani, risasi ni sumu, mpe fundi.

Na umeme ukikatika, zile dakika ni za kusevu na kuzima, siyo za kumalizia sura ya nne!

Haya, mwenye swali agonge mlango. Ila siyo usiku wa manane, tafadhali.