Beni: kiti cha pikipiki chapunguzwa, mama afikisha mguu chini

Mama huyu alikimbia Eringeti na watoto watatu, na leo anafanya kazi ya taksi kwa pikipiki ya mtu mjini Beni. Kila jioni mwenye pikipiki anangoja pesa yake, mvua inyeshe isinyeshe.

Shida ilikuwa urefu. Akisimama, ni ncha za vidole tu zilizogusa chini. Akiwa peke yake aliweza. Akibeba mteja na gunia la mihogo, pikipiki ililala. Wiki moja alianguka mara mbili kwenye matope ya Boikene, na mteja wa pili akakataa kulipa. Nani atamlaumu?

Vijana wenzake walimshauri ashushe amortisa za nyuma. Fundi akakataa, na alikuwa na haki. Pikipiki iliyoshushwa hivyo, ikibeba watu wawili, inagonga mawe kwa tumbo. Tena mguu wake wa kuegeshea unabaki mrefu: ukiiegesha inasimama wima, ikisukumwa kidogo inaangukia upande wa pili.

Basi akafungua kiti, akavua ngozi, akakata sponji kwa kisu: unene wa vidole viwili pale anapokaa dereva, na pembeni, mapaja yanapopita, akapunguza zaidi. Kwa mteja hakugusa.

Sasa nusu ya wayo inakanyaga chini. Kiti kimekuwa kigumu, jioni kiuno kinamuuma. Shemeji yake alimwambia atandike kitenge juu. Akacheka, basi sponji ilikatwa ya nini?

Mwenye pikipiki bado hajaambiwa.