Imenyooka, Lakini Si Kweli

Haya ndugu zangu, nimekuwa kimya wiki mbili. Sikuwa safarini wala sikuugua. Nilikuwa na aibu, na leo nimeamua kuitoa, maana aibu ukiikalia inaota mizizi.

Mnajua mimi ni mwandishi wa habari, si mchoraji. Ila Ijumaa ile msanifu kurasa wetu alikuwa msibani, na habari yangu ya bei ya maji ilikuwa na pengo la safu mbili. Mhariri akanitazama: "Wewe si msomi wa chuo kikuu? Chora grafu." Kama vile siku ya mahafali tuligawiwa joho na mkono wa kuchora.

Nikafungua Inkscape. Kwa wasioijua, ni programu ya bure ya michoro ya vekta, iliyozaliwa mwaka 2003 kutoka kwenye programu nyingine iliyoitwa Sodipodi. Mchoro wa vekta si rundo la nukta kama picha ya simu. Kila umbo ni kitu kinachojitegemea, unakishika, unakihamisha, unakipanga na wenzake. Basi kwenye kushika na kupanga ndipo nilipoanguka.

Nilikuwa na kata tano na bei tano za ndoo ya lita 20. Nikachora nguzo tano. Kwanza nikazipanga kwa katikati, zikaelea hewani kama samaki waliotundikwa kwenye fito. Nikafuta, nikazipanga kwa chini, zote zikasimama sakafu moja. Nikajiona fundi.

Yakafuata majina ya kata. Yalikuwa marefu, yanagongana, nikalivuta moja pembeni ili nipate pa kuandikia jingine. Nilipomaliza nikabofya jina la kwanza, nikashikilia Shift, nikabofya la pili, la tatu, hadi la tano, kwa mpangilio ule ule wa daftari langu. Ctrl, Shift na A, dirisha la kupanga likafunguka. Nikayaweka kwenye mstari mmoja, kisha nikayagawia nafasi sawa. Yakanyooka kama gwaride la Uhuru!

Nisichokijua ni hiki: inapogawa nafasi, programu haijali ulianza kubofya kipi. Inaangalia kila kitu kimesimama wapi wakati huo. Cha kwanza kushoto na cha mwisho kulia vinabaki mahali pake, vya katikati vinasambazwa kwa mfuatano vilivyokutwa nao. Lile jina nililolivuta pembeni lilikuwa limeshampita jirani yake. Majina mawili yakabadilishana nguzo. Kata inayouza ndoo Sh250 ikasomeka inauza Sh100.

Mtaniuliza, hukuona? Sikuona. Mhariri hakuona, msoma prufu naye hakuona. Kingekuwa kimepinda, mmoja wetu angekihoji. Kilinyooka, tukakiamini.

Gazeti likatoka Jumapili. Jumanne akaja mama mmoja mapokezi, ukurasa wetu umekunjwa ndani ya kanga. Anauza maji ya kisima, pampu yake inatumia dizeli. Wateja walimwendea na gazeti mkononi: "Wanasema mia, wewe unatutoza mia mbili na hamsini?" Wengine waliweka mia moja juu ya meza, wakabeba ndoo, wakaondoka. Mmoja alimwita mwizi mbele ya wanawe. Siku mbili nzima aliuza chini ya bei ya dizeli yake.

Alhamisi tukaomba radhi. Mistari mitatu, ukurasa wa pili, chini kabisa. Nikampelekea nakala mwenyewe, na pesa kidogo ya mfukoni kwangu ambayo aliikataa. Akasoma, akakunja, akaniambia, "Mwanangu, mchoro wenu ulikuwa mzuri. Hata mimi nilipouona nilijiuliza kama nimesahau bei yangu."

Kauli hiyo ndiyo iliyoninyamazisha wiki mbili.

Siku hizi nachora hivi. Kila nguzo nalifunga jina lake papo hapo kwa Ctrl na G, wawe kitu kimoja, ndipo nizigawie nafasi. Nikizungushia vitu kisanduku kwa kipanya, nakumbuka kwamba kilichochomoza hata kidogo nje ya kisanduku hakikushikwa, kwa hiyo nasoma hesabu iliyo chini ya dirisha: vimeshikwa vingapi? Mwisho natoa nakala kwenye karatasi, nafungua daftari, nagusa kila nguzo kwa kidole na kutaja bei yake kwa sauti. Wenzangu wananicheka. Wacheke tu.

Nilifundishwa chuoni kuhakiki maneno ya watu. Hakuna aliyenifundisha kuhakiki mstari ulionyooka. Je, wewe msomaji, ni vingapi ulivyoviamini wiki hii kwa sababu tu vilikuwa vimepangwa vizuri?

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.