Barua kutoka Leipzig: Nani Aliulizwa?

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Leipzig, Ujerumani, ambako majani yameanza kupukutika na makoti mazito yameshatolewa kabatini. Wengi mnaponipigia simu mnataka kujua saikolojia inasomwaje, nami leo nimeona niwajibu nyote kwa pamoja.

Muhula huu somo linalonishughulisha zaidi ni mbinu za utafiti. Katika chuo kikuu cha mji huu, mwaka 1879, Wilhelm Wundt alianzisha maabara inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya saikolojia duniani. Mambo ya nafsi yaliyokuwa ya wanafalsafa akayaingiza kwenye vipimo, kama vile muda unaopita tangu mtu asikie sauti hadi abonyeze kitufe.

Sisi tunafundishwa kuandika nadharia tete kabla ya kukusanya majibu, kugawa washiriki kwenye makundi kwa bahati nasibu, na kutosema jambo moja limesababisha jingine kwa kuwa tu yameonekana pamoja. Tena matokeo lazima yastahimili kurudiwa. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilidai matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizoupata. Napenda fani inayothubutu kujikagua hadharani namna hiyo.

Lakini swali ninalotaka mlishike ni hili: nani aliulizwa? Katika vyuo vingi vya huku, mwanafunzi wa saikolojia hutakiwa kushiriki saa kadhaa katika tafiti za wenzake na walimu wake. Hivyo kijana wa chuo ndiye hupimwa, kisha kitabu huandika “binadamu”. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makubwa ya Marekani walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani.

Na tofauti kati ya jamii moja na nyingine si ndogo. Kuna jaribio maarufu ambalo mtoto huwekewa kitu kitamu akaambiwa akisubiri bila kukila ataongezewa cha pili. Watafiti walilifanya kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa jamii ya Wanso wa Kamerun. Wanso karibu asilimia 70 walisubiri. Wajerumani hawakufika 30. Nani angelijua hilo kama Wanso wasingeulizwa?

Na sisi wa Afrika Mashariki tumeshaichangia fani hii kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 1950, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea mara kwa mara familia 26 katika vijiji vya Buganda, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Baadaye aliendeleza kazi hiyo Baltimore, Marekani, akabuni jaribio linalotumika duniani kote kupima uhusiano wa mama na mtoto. Wanafunzi wanaosoma nadharia ya mshikamano wa mtoto na mama leo wanakula matunda ya subira ya akina mama wa Kiganda.

Kwa hiyo, mtafiti akibisha hodi na dodoso lake, mkaribisheni, na ninyi mumuulize: unatafuta nini, majibu yetu yataenda wapi, majina yetu yatafichwa vipi, na matokeo tutaletewa lini? Mna haki ya kukataa, na hata ya kuacha katikati. Mkikubali, basi semeni yaliyo kweli. Najua kwa adabu yetu hatupendi kumvunja mgeni moyo, tukaishia kumpa jibu la kumfurahisha. Jibu hilo likiingia kitabuni, mipango ya shule na kliniki zetu itajengwa juu yake, na watakaoumia ni watoto wetu.

Nanyi wadogo zangu mnaoingia chuo mwaka huu, msilikimbie somo hili kwa kuogopa takwimu. Nahitaji wenzangu. Maswali kuhusu maisha yetu, kwa lugha zetu, bado hayajaulizwa ya kutosha, na wa kuyauliza ni sisi.

Wasalimieni wazee wote.

Ndugu yenu wa Leipzig