Kijana na Jukwaa

Kijana atakaye kuwa mwigizaji aghalabu hutazama mbali mno: huitamani filamu, naye hajapata kusimama mbele ya watu 20. Lupita Nyong'o alianza karibu. Akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet wa Shakespeare mjini Nairobi, pamoja na kundi la Phoenix Players. Sifa ile haikumtosha. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipopigwa nchini Kenya, yeye alikuwa msaidizi nyuma ya kamera. Baadaye akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka 2012. Tuzo ya Oscar ilimfikia mwaka 2014, umri wake miaka 31. Miaka 17 ya kungoja! Wazazi huihofu miaka hiyo kuliko jukwaa lenyewe, wala hofu yao si ya kudharauliwa.

Basi kijana na aanzie mchezo wa shule, asimlipe mtu yeyote amwahidiye umaarufu. Akipewa sehemu ya mtumishi mwenye maneno matatu, ayatamke yafike ukuta wa nyuma, kisha anyamaze, amsikilize mwenzake kwa uso na mwili wake wote, mpaka mwenzake amalize.