Kwa Miguu Hadi Namugongo
Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji huelekea Namugongo kwa miguu. Wengine hutoka Kenya na Tanzania, wakitembea siku nyingi. Kwa mkazi wa Bugolobi, safari hiyo ni ya asubuhi moja tu. Aendaye peke yake hutokea Nakawa, hufuata barabara ya Jinja kupita Banda hadi Kireka, kisha hugeuka kushoto kuelekea Kyaliwajjala. Magari humpita, yeye hubaki na hatua zake na mawazo yake. Mwishoni humpokea kanisa lenye nguzo 22, mahali alipochomwa moto Charles Lwanga mwaka 1886. Mashahidi wale nao walifikishwa Namugongo kwa miguu, wakiwa wamefungwa, wala hawakurudi. Akikumbuka hayo, msafiri huona haya kulalamikia malengelenge.